Daktari mpya, manung'uniko yaleyale: Kwa nini mashabiki wa Doctor Who hugawanyika kila sura inapobadilika

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa Mei 31, 2025, watazamaji wa mfululizo wa televisheni wa Doctor Who nchini Uingereza walishuhudia jambo ambalo wengi wao hawakulitarajia.

Ncuti Gatwa, mwigizaji mzaliwa wa Rwanda aliyekuwa akiishika nafasi ya Daktari, aligubikwa na mwanga wa dhahabu. Mwanga ulipotulia, aliyesimama mahali pake alikuwa mwanamke mwenye nywele za manjano na tabasamu pana: Billie Piper.

Piper hakuwa mgeni kwa mashabiki. Mwaka 2005 ndiye aliyeigiza Rose Tyler, binti muuza duka wa London aliyefuatana na Daktari katika safari zake, na kwa wengi ni miongoni mwa wahusika wapendwa zaidi wa mfululizo huo.

Kilichozua tafrani zaidi ni maandishi yaliyofuata kwenye kioo. Yalimtambulisha Piper kwa jina lake, lakini hayakusema anaigiza nani. Kwa desturi, anayepokea nafasi hiyo hutajwa waziwazi kuwa ndiye Daktari.

Mashabiki waligawanyika papo hapo. Wapo waliofurahi kumwona tena kipenzi chao. Wapo waliosema watayarishaji wameishiwa mawazo na sasa wanarudi kuchota kwenye kisima cha zamani. Wapo pia waliohuzunika kwamba Gatwa ameondoka mapema, baada ya misimu miwili tu.

Kwa anayeutazama mzozo huo kwa mbali, huenda ukaonekana ni kelele zisizo na maana. Hata hivyo, historia ya mfululizo huo ulioanza mwaka 1963 inaonyesha kwamba kilio cha aina hiyo kimekuwapo tangu mwigizaji wa kwanza alipobadilishwa, na kwamba bila mabadiliko hayo mfululizo wenyewe usingefika miaka 60.

Mhusika asiyekufa

Doctor Who ni hadithi ya kisayansi ya kubuni inayomhusu msafiri asiye binadamu, ajulikanaye kwa jina moja tu la Daktari. Anatoka katika sayari ya Gallifrey, ni mmoja wa jamii ya Mabwana wa Wakati, na ana mioyo miwili.

Chombo chake cha kusafiria, TARDIS, kwa nje kinafanana na kibanda cha simu cha polisi cha rangi ya buluu cha Uingereza ya zamani. Kwa ndani ni kikubwa kuliko kinavyoonekana kwa nje, na humpeleka katika sayari yoyote na wakati wowote, uliopita au ujao.

Sehemu ya kwanza ilirushwa hewani na Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, Novemba 23, 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais John F. Kennedy wa Marekani. Kwa kuwa wengi walikuwa na mawazo kwingine, na baadhi ya maeneo yalikuwa yamekosa umeme, BBC ililazimika kuirudia wiki iliyofuata.

Mtayarishaji wake alikuwa Verity Lambert, mwanamke kijana katika idara iliyotawaliwa na wanaume. Mwongozaji wa sehemu hiyo ya kwanza alikuwa Waris Hussein, mzaliwa wa Lucknow, India. Nafasi ya Daktari ilishikwa na William Hartnell, mwenye umri wa miaka 55, aliyeigiza kama babu mkali, mjuaji na mwenye siri nyingi.

Mwezi mmoja baadaye walijitokeza Dalek, maadui wenye umbo la chuma wasiojua huruma, na watoto wa Uingereza wakatekwa moja kwa moja.

Ugonjwa uliozaa utaratibu

Ilipofika mwaka 1966, afya ya Hartnell ilikuwa imezorota. Alisumbuliwa na ugonjwa wa mishipa ya damu, na kukariri maneno yake kukawa mzigo.

BBC ilikuwa na njia mbili zilizozoeleka. Ama kuusitisha mfululizo uliokuwa bado unapendwa, au kumweka mtu mwingine anayefanana na Hartnell na kujifanya hakuna kilichotokea.

Mtayarishaji wa wakati huo, Innes Lloyd, na mhariri wa hadithi, Gerry Davis, walichagua njia ya tatu. Kwa kuwa Daktari si binadamu, waliamua kwamba mwili wake ukichoka unaweza kujihuisha na kupata sura mpya, huku kumbukumbu zake zikibaki zilezile.

Oktoba 29, 1966, mwishoni mwa hadithi iliyoitwa The Tenth Planet, Hartnell alianguka sakafuni ndani ya TARDIS. Uso wake ukameremeta, na aliyeamka alikuwa Patrick Troughton, mwigizaji mdogo kwa umri, mwenye umbo fupi na macho ya utundu.

Sehemu hiyo kamili haipo tena, kwani miaka hiyo BBC ilikuwa na mazoea ya kufuta kanda zake. Dakika ile ya mabadiliko ilisalimika kwa sababu ilinakiliwa na kutumiwa katika kipindi cha watoto cha Blue Peter.

Troughton hakuiga sauti wala mwendo wa Hartnell. Alimfanya Daktari kuwa mtu wa mizaha, mwenye suruali pana na filimbi mkononi, anayewahadaa maadui wamdhanie mpumbavu.

Taarifa za BBC za kupima maoni ya watazamaji za wakati huo zinaonyesha kwamba baadhi hawakupendezwa. Walilalamika kuwa mtu waliyemheshimu amegeuzwa kichekesho. Kwa maneno mengine, manung'uniko ya leo yana umri sawa na utaratibu wenyewe.

Waandishi walikuwa wameyatarajia. Katika hadithi ya kwanza ya Troughton, The Power of the Daleks, wasafiri wenzake wawili, Ben na Polly, walibaki, na Ben ndiye aliyekataa katakata kuamini kuwa mtu huyo ni Daktari. Mashaka ya mtazamaji yakasemwa na mhusika.

Aliyemtambua bila kusita hakuwa rafiki. Alikuwa Dalek, adui yake. Hoja iliyofichika hapo ilikuwa nzito: kama adui anamwogopa, basi ni yeye.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Doctor Who, kila mgeni alikuja na tiba yake.

Jon Pertwee aliingia mwaka 1970, pamoja na picha za rangi. Akaufanya mfululizo kuwa wa mbio za magari na mapigano ya mikono. Tom Baker alimpokea mwaka 1974 na kukaa miaka saba, akiwa na skafu ndefu ya rangi nyingi iliyokuja kuwa alama ya Daktari duniani.

Katika zama za Tom Baker ndipo mfululizo ulipofikia kilele cha watazamaji. Mwaka 1979, sehemu moja ya hadithi ya City of Death ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 16. Inafaa kukumbukwa, hata hivyo, kwamba wakati huo chaneli pinzani ya ITV ilikuwa imefungwa na mgomo wa wafanyakazi.

Alipotangaza kuondoka mwaka 1980, Baker aliwachokoza waandishi wa habari kwa kumtakia heri mrithi wake, awe mwanamume au mwanamke. Wengi walicheka. Ingechukua miaka 37 kabla ya utani huo kuwa kweli.

Mrithi wake, Peter Davison, alikuwa na umri wa miaka 29 alipoteuliwa, na wapo waliosema Daktari hawezi kuwa kijana kiasi hicho. Troughton alimshauri asikae zaidi ya miaka mitatu, na Davison alifuata ushauri huo.

Tangu hapo miaka mitatu imekuwa kama kipimo kisicho rasmi. Wanaokaa pungufu ya hapo, kama ilivyokuwa kwa Gatwa, huwaacha mashabiki wakihisi wameibiwa kitu.

Aliyefukuzwa

Si kila badiliko lilikuwa la hiari. Mwaka 1985, Michael Grade, aliyekuwa msimamizi wa chaneli ya BBC One, aliusimamisha mfululizo kwa miezi 18. Mashabiki waliwaka. Baadhi yao walishirikiana na waigizaji kurekodi wimbo wa kuutetea.

Mfululizo uliporudi mwaka 1986 haukupata nguvu iliyotarajiwa, na lawama ikamwangukia mwigizaji mkuu, Colin Baker. Aliondolewa akiwa bado anataka kuendelea, ingawa uandishi na bajeti havikuwa mikononi mwake.

Alipoombwa arudi kwa muda mfupi tu ili kuigiza tukio la kumkabidhi mwenzake nafasi, alikataa. Matokeo yake, mwaka 1987 mrithi wake, Sylvester McCoy, alilazimika kuvaa nywele za bandia na kulala kifudifudi ili aonekane kuwa ni Baker, kabla ya kugeuka kuwa yeye mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1986, kijana wa miaka 16 aitwaye Chris Chibnall alijitokeza katika kipindi cha BBC kiitwacho Open Air akiwa mwanachama wa chama cha mashabiki, na kuwaambia waandishi wa mfululizo, bila kuwaonea haya, kwamba kazi yao ilikuwa dhaifu.

Kijana huyo ndiye aliyekuja kukabidhiwa mfululizo wenyewe miaka 31 baadaye, na yeye pia akayapata yaliyowapata wale aliowakosoa.

Mabadiliko ya mwigizaji hayakutosha kuuokoa mfululizo. Msimu wa 1989 ulikuwa na watazamaji kati ya milioni 3 na 5, na Desemba mwaka huo ukasimamishwa. Isipokuwa filamu moja ya televisheni ya mwaka 1996, iliyomtambulisha Paul McGann, Daktari alitoweka kwenye televisheni kwa zaidi ya miaka 15.

Waliobaki ni mashabiki. Waliandika vitabu, wakatoa majarida, na kuanzia mwaka 1999 kampuni ya Big Finish ikawarudisha Davison, Colin Baker na McCoy katika michezo ya kusikiliza. Humo Colin Baker alipata hadithi nzuri ambazo televisheni haikumpa, na wengi waliomkejeli zamani wakabadili maoni yao.

Machozi ya mwaka 2005

Russell T Davies, shabiki tangu utotoni, ndiye aliyeufufua mfululizo Machi 26, 2005, Christopher Eccleston akiwa Daktari. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu milioni 10.8.

Kabla wiki haijaisha, habari zikavuja kuwa Eccleston hataendelea na msimu wa pili. BBC ilitoa taarifa kwa jina lake kwamba anaogopa kufungwa katika nafasi moja. Aprili mwaka huo ililazimika kukiri kuwa taarifa hiyo ilitolewa bila kumshauri, na ikaomba radhi.

Kwa watoto waliokuwa wakiutazama mfululizo kwa mara ya kwanza, hilo lilikuwa pigo. Wazazi wao waliujua utaratibu wa kujihuisha, wao hawakuujua. Walichoelewa ni kwamba mtu waliyempenda anaondoka.

Davies alitumia mbinu ileile ya 1966. Rose, aliyeigizwa na Piper, alibaki, na katika sehemu maalumu ya Krismasi ya mwaka 2005 alilia kwa niaba ya watoto wote, akimlilia Daktari wake wa zamani baada ya kuja kwa mgeni, David Tennant. Hadi kipindi kinakwisha, alikuwa amemkubali. Watazamaji nao wakamkubali.

Miaka miwili baadaye, sehemu ya Krismasi ya mwaka 2007 ilitazamwa na watu milioni 13.3. Tennant, aliyedhaniwa kuwa mvamizi, akawa kipimo ambacho kila aliyemfuata alipimwa nacho.

Kijana mno, mzee mno

Januari 2009 ilipotangazwa kuwa Matt Smith, mwenye miaka 26, atampokea Tennant, swali lililoulizwa na wengi lilikuwa: huyu ni nani? Alikuwa na umri mdogo kuliko wote waliomtangulia, na si wengi waliomfahamu.

Kipindi chake cha kwanza, Aprili 2010, kilitosha kuwatuliza wengi. Smith alikuwa na mwili wa kijana na macho ya mzee, jambo ambalo wakosoaji wengi walilisifu.

Agosti 2013 mambo yakageuka. Peter Capaldi, mwenye miaka 55, alitangazwa katika kipindi maalumu cha moja kwa moja. Safari hii lalamiko la baadhi ya mashabiki vijana lilikuwa kwamba ni mzee mno, ingawa alikuwa na umri uleule aliokuwa nao Hartnell alipoanza.

Capaldi mwenyewe alikuwa shabiki wa kupindukia. Akiwa kijana, mwaka 1974, barua yake ya kuusifu mfululizo ilichapishwa katika jarida la Radio Times.

Mtayarishaji mkuu wa wakati huo, Steven Moffat, alilikabili suala la umri ana kwa ana. Katika hadithi ya kwanza ya Capaldi, Agosti 2014, msafiri mwenza Clara anapokea simu kutoka kwa Daktari wa zamani, Smith, anayemsihi asimkimbie mzee aliyesimama mbele yake, kwani mzee huyo anaogopa kuliko yeye. Haikuwa vigumu kutambua kwamba simu hiyo ilikuwa imepigwa pia kwa watazamaji.

Mwanamke wa kwanza

Julai 16, 2017, baada ya fainali ya wanaume ya tenisi ya Wimbledon, BBC ilimtangaza Jodie Whittaker kuwa Daktari mpya. Chris Chibnall, yule kijana wa mwaka 1986, ndiye aliyemchagua.

Mzozo uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko yote iliyotangulia. BBC ilipokea malalamiko kiasi cha kulazimika kutoa jibu la jumla, ikieleza kuwa Daktari si binadamu, na kwamba ndani ya hadithi ilikwishaelezwa kuwa Mabwana wa Wakati wanaweza kubadili jinsia.

Kauli hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2014 adui mkubwa wa Daktari, aitwaye Master, alijitokeza akiwa mwanamke, na mwaka 2015 jenerali mmoja wa Gallifrey alijihuisha mbele ya kamera kutoka mwanamume mzungu na kuwa mwanamke mweusi. Aidha, tangu mwaka 1986, Sydney Newman, mmoja wa waasisi wa mfululizo, alikwishamwandikia Grade akipendekeza Daktari awe mwanamke.

Wazee wa mfululizo nao walitofautiana. Davison alisema anasikitika kwamba wavulana wanapoteza mfano wa kuigwa wa mwanamume anayetumia akili badala ya ngumi, ingawa alimtakia heri Whittaker. Colin Baker alimjibu kuwa wavulana wamekuwa na mfano huo kwa zaidi ya miaka 50, na sasa ni zamu ya wasichana.

Hoja ya Davison haikuwa ya chuki, na ndiyo maana inafaa kupimwa. Mashujaa wa kiume wanaokataa bunduki ni wachache. Lakini ndani yake mlikuwa na dhana kwamba mvulana hawezi kujifunza wema kutoka kwa shujaa mwanamke, ilhali wasichana kwa vizazi viwili walitarajiwa kujifunza kutoka kwa wanaume bila mtu kuuliza.

Oktoba 7, 2018, kipindi cha kwanza cha Whittaker kilitazamwa na watu takriban milioni 11, idadi inayozidi kidogo ile ya Eccleston mwaka 2005. Hata hivyo, idadi hiyo haikudumu, na kipindi chake cha mwisho, Oktoba 2022, kilikuwa na watazamaji wasiofikia nusu ya hao.

Wapinzani walisema hiyo ni adhabu kwa kumchagua mwanamke. Watetezi walijibu kwamba ubora wa hadithi ulipungua, na kwamba vipindi vya televisheni kwa jumla vilikuwa vikipoteza watazamaji. Hoja ya kwanza ina kasoro moja ya wazi: walioukimbia mfululizo walikwishamwona mwanamke huyo siku ya kwanza, wakiwa milioni 11.

Mtoto wa wakimbizi

Mei 8, 2022, jina la Ncuti Gatwa lilitangazwa. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, uteuzi huo ulikuwa na uzito wa pekee.

Gatwa alizaliwa Rwanda Oktoba 1992. Familia yake iliikimbia nchi wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, akiwa hajatimiza miaka miwili, na ikapata makazi Scotland. Alikulia Edinburgh na Dunfermline, akasomea uigizaji katika chuo cha Royal Conservatoire of Scotland mjini Glasgow, na akapata umaarufu kupitia mfululizo wa Sex Education. Jina lake, Ncuti, kwa Kinyarwanda lina maana ya rafiki.

Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuubeba mfululizo huo kama mhusika mkuu. Kabla yake, mwaka 2020, Jo Martin alikwishaonekana kama Daktari wa zama zilizosahaulika, lakini kama mgeni.

Kuna jambo ambalo halikuhitaji kuandikwa na mtunzi yeyote. Daktari wa mfululizo wa kisasa ni mtu aliyenusurika maangamizi ya kwao, anayezunguka ulimwenguni bila mahali pa kurudi, akijenga udugu na wageni. Kwa mara ya kwanza, aliyemwigiza alikuwa mtu ambaye familia yake iliyajua mambo hayo si kwa kusoma.

Namna Gatwa alivyokabidhiwa nafasi, hata hivyo, ilizusha mjadala wake. Whittaker alipojihuisha, hakugeuka Gatwa bali Tennant, aliyerejea kwa sherehe za miaka 60. Na Desemba 9, 2023, Tennant hakutoweka kama desturi. Daktari aligawanyika, wakabaki wawili.

Waliopenda walisema ni faraja kuona angalau Daktari mmoja akipata mapumziko. Waliochukia walisema Gatwa amenyimwa kile ambacho kila mtangulizi wake alipewa: kuwa Daktari pekee tangu dakika ya kwanza.

Misimu yake miwili, ya 2024 na 2025, ilitengenezwa kwa ubia na Disney+. Kwenye televisheni ya Uingereza, watazamaji wa kila sehemu ya misimu hiyo walikuwa chini ya milioni 5. Alipokuwa akieleza sababu za kuondoka kwake, Gatwa alisema kuwa kazi hiyo inachosha mwili na akili.

Kwa nini inauma

Mashabiki wa Doctor Who wana msemo wao: "Daktari wangu." Kila mmoja humtaja yule aliyemkuta utotoni, au katika kipindi kigumu cha maisha. Msemo huo unaeleza mengi.

Mwigizaji wa James Bond naye hubadilishwa, lakini filamu hujifanya hakuna kilichotokea. Katika Doctor Who, aliyetangulia hufa mbele ya macho ya mtazamaji, mara nyingi akiaga kwa uchungu. Kisha, sekunde chache baadaye, mtazamaji huombwa ampende mgeni. Ni matanga na harusi katika chumba kimoja.

Hivyo kukasirika kwa shabiki, mara nyingi, ni msiba uliokosa pa kwenda. Wanaolijua hilo ni watayarishaji wenyewe, ambao wengi wao ni mashabiki wa zamani. Tennant alivutiwa na uigizaji kwa kumtazama Tom Baker na Davison. Mwaka 2011 alimwoa Georgia Moffett, binti wa Davison, ambaye alikutana naye walipokuwa wakiigiza katika mfululizo huo.

Ipo tofauti, hata hivyo, kati ya huzuni na dharau. Anayesema "nitamkumbuka yule aliyeondoka" anazungumzia mapenzi yake. Anayesema "mtu kama huyu hawezi kuwa Daktari" anazungumzia mipaka aliyoweka yeye, si iliyowekwa na hadithi. Hadithi yenyewe iliivunja mipaka hiyo mwaka 1966, siku mzee wa Kiingereza alipoamka akiwa mtu mwingine.

Rekodi pia inaonyesha mpaka wa utaratibu huo. Kubadili sura kuliuokoa mfululizo mwaka 1966 na kuujenga mwaka 2005, kwa sababu nyuma ya sura mpya palikuwa na hadithi zilizowavutia watu. Mwaka 1987 sura ilibadilishwa huku matatizo mengine yakiachwa yalivyo kwa kiasi kikubwa, na miaka miwili baadaye mfululizo ukazimika.

Hilo ndilo swali lililoachwa na tabasamu la Billie Piper. Oktoba 28, 2025, BBC ilithibitisha kuwa ubia na Disney+ umekwisha, na kwamba sehemu maalumu itakayoandikwa na Davies itarushwa Krismasi ya mwaka 2026.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, wasema Waswahili. Kwa mashabiki wa Doctor Who, vyote viwili huja pamoja: kidonda kwanza, kinyemi baadaye. Na kama historia ya miaka 60 ni ushahidi, mahali fulani yupo mtoto ambaye Gatwa ndiye atakayebaki kuwa Daktari wake, na ambaye siku moja atamlalamikia vikali mgeni atakayekuja.